Kabla ya kununua Premio ya 2004, isome historia yake

Tuseme umejibana miaka kadhaa, sasa unataka gari la familia, na akiba yako inatosha Toyota Premio ya mwaka 2004. Muuzaji hapo Nairobi anakuonyesha mileji ndogo na rangi inayong'aa. Usikimbilie kutoa hela. Anza na historia.

Babu wa Premio ni Corona, iliyotoka Japani mwaka 1957. Mwaka 1996 ikaja Corona Premio, na 2001 jina la Corona likaachwa. Kwa nini zilijaa kwetu? Japani gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Wengi huuza mapema. Tena wao huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko pale pale tunapoutaka.

Sasa fanya hesabu kidogo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Basi hiyo ya 2004 haikuingia baada ya 2012. Maana yake imekula mashimo na vumbi la hapa zaidi ya miaka 10. Karatasi za mnada wa Japani zinakueleza utoto wake tu. Uzee wake uko kwenye risiti za gereji, kama zipo.

Halafu uliza injini. Premio za miaka hiyo zilikuja na lita 1.5, 1.8 au 2.0. Ile ya 1.8, yaani 1ZZ-FE, inajulikana kwa kula oili. Kwenye pistoni, nyuma ya ringi ya oili, kuna vitundu vya kurudisha oili chini. Kwenye matoleo ya mwanzo vitundu hivyo vilikuwa vidogo na vichache. Masizi yakiviziba, oili inabaki ukutani mwa silinda na kuungua pamoja na petroli. Baadaye Toyota ilibadilisha pistoni, lakini waliokwisha kununua walibaki na za zamani.

Kwa hiyo fika asubuhi, injini ikiwa baridi. Chomoa kijiti cha oili. Kama oili iko chini ya alama na sakafuni hakuna hata tone, jiulize inakwenda wapi. Washa, iache ingurume taratibu dakika 5 hivi, kisha kanyaga mafuta huku mwenzako akiangalia nyuma. Moshi mweupe unaopotea haraka ni mvuke wa maji tu. Ukiwa wa bluu, hiyo ni oili inaungua, na kufungua injini kubadilisha pistoni na ringi si kazi ya bei rahisi.

Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Umlipe siku hiyo hata kama hununui. Hela yake ni ndogo kuliko injini.