Virusi Vilisafiri kwa Meli na Reli

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka)

Leo tunajibu swali mnalotuuliza mara nyingi: SIDA, au UKIMWI kama wanavyouita wenyeji wetu hapa, ilitoka wapi? Wengine mnauliza kwa uchungu, kwa sababu kwenye foleni ya maji hakosekani wa kusema, "Ninyi Wakongomani ndio mliouleta."

Basi tufuate historia. VVU ni virusi vya aina iitwayo retrovirusi. Vikiingia mwilini, vinajiandika ndani ya seli zetu, ndiyo maana dawa zinavituliza lakini haziviondoi vyote. Hakuna mtu aliyevitengeneza. Vilikuwa kwa sokwe wa misitu ya kusini-mashariki mwa Kameruni. Mapema katika karne ya 20 viliingia kwa binadamu, na watafiti wengi wanaona kwamba njia ilikuwa damu ya mnyama wakati wa kuwinda au kuchinja. Mwindaji alikuwa anatafuta kitoweo cha watoto wake.

Sasa jiulize: watu wa misitu ile waliwinda kwa vizazi vingi. Mbona ugonjwa haukuenea zamani? Katika kijiji kidogo kilicho mbali na vingine, virusi vya namna hii huisha pamoja na mgonjwa. Kilichobadilika ni njia.

Wakoloni Wajerumani, Wafaransa na Wabelgiji walitaka mpira na pembe za ndovu. Wanaume walitolewa vijijini, wengi kwa nguvu, wakawa wapagazi na vibarua. Meli zilishuka mto Sangha, zikaingia mto Kongo, zikafika Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Mji ule ulijaa wanaume walioacha wake zao mbali.

Kulikuwa na jambo lingine: sindano. Madaktari wa kikoloni walipambana na malale kwa kuwachoma watu wengi kwa vifaa vichache. Kati ya mwaka 1917 na 1919, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, wagonjwa zaidi ya 5,000 walitibiwa kwa sindano 6 tu. Nia ilikuwa kuponya. Lakini sindano isiyochemshwa vizuri hubeba damu ya mtu mmoja hadi kwa mwingine, na watafiti kadhaa wanaamini kwamba hilo lilisaidia VVU kuenea.

Mwaka 2014 watafiti waliolinganisha vinasaba vya virusi walionyesha kwamba Kinshasa ndiko vilikoanza kusambaa, karibu na mwaka 1920. Kabla ya mwaka 1940 vilikuwa vimefika Mbuji-Mayi na Lubumbashi, kwa kufuata reli ya migodi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, watu zaidi ya milioni moja walipita Kinshasa kwa treni kila mwaka. Damu ya zamani kuliko zote iliyokutwa na VVU ilichukuliwa mjini humo mwaka 1959. Dunia ilikuja kusikia habari za ugonjwa huu mwaka 1981, ulipoonekana Marekani.

Sasa sikiliza lawama ilivyofanya kazi. Baada ya uhuru wa Kongo mwaka 1960, walimu na wataalamu kutoka Haiti walikwenda kufanya kazi huko. Virusi vikafika Haiti, kisha Marekani. Wahaiti wote wakanyooshewa kidole. Kuanzia mwaka 1991, wakimbizi Wahaiti zaidi ya 200 walizuiliwa katika kambi ya jeshi la Marekani huko Guantánamo kwa sababu walikuwa na VVU, wakati madai yao ya hifadhi yalikuwa yameonekana kuwa na msingi. Walikaa nyuma ya seng'enge mpaka jaji alipoamuru waachiliwe, mwezi Juni 1993. Wakimbizi wenzetu hao walifungiwa kwa ajili ya ugonjwa, na kufungiwa kwao hakukuzuia ugonjwa kuenea.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiambiwa tena kwamba taifa lako ndilo lililoleta UKIMWI, una jibu. Mpagazi aliyebebeshwa pembe na mgonjwa aliyechomwa sindano hawakuwa na hatia. Nawe unayesema maneno hayo, fikiri: jirani akiogopa kunyooshewa kidole, hatakwenda kupima. Asipopima, hataanza dawa. Lakini anayemeza dawa zake kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake katika tendo la ndoa, na mama aliye kwenye dawa anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi.

Nenda ukapime. Na ukimwona mwenzako ameketi kwenye benchi la kliniki, msalimie kama kawaida.

Tukutane kipindi kijacho. Amani iwe nanyi.

(Muziki unapanda)