Upepo na maji: Ukaguzi wa nyumba kabla ya kuhamia Matinyani

KABLA ya kuingiza mizigo katika nyumba mpya, wafuasi wa feng shui, elimu ya Kichina ya kupanga makao, hufungua madirisha yote, hufagia kila pembe, kisha hushika dira kutazama mlango mkuu umeelekea wapi. Kitanda hakipangwi sambamba na mlango, wala kioo hakielekezwi kitandani. Ushauri huu umeenea duniani kupitia majarida ya mapambo ya nyumba, ila ni nadra msomaji kuelezwa ulikotoka.

Jina lenyewe lina maana ya “upepo na maji”. Kitabu cha kale kinachonasibishwa na mwanazuoni Guo Pu, aliyefariki mwaka 324, chafundisha kwamba nguvu ya uhai, iitwayo chi, hutawanyika penye upepo na hutulia penye maji. Kitabu hicho kilihusu makaburi, lakini kanuni zake hutumika pia kwa nyumba za walio hai.

Kanuni mashuhuri zaidi ni kwamba nyumba itazame kusini, na kisogo chake kikingwe na mlima upande wa kaskazini. Kaskazini mwa China jambo hilo lina mantiki: pepo za baridi kali hutoka Siberia, na jua la msimu wa baridi huwa upande wa kusini.

Matinyani, katika Kitui Magharibi, iko kusini kidogo ya ikweta. Jua hupita utosini mwezi Machi na tena Septemba. Juni huegemea kaskazini, Desemba kusini. Ukuta wa kusini hauna fadhila yoyote kuushinda wa kaskazini. Kuta zinazoungua ni za mashariki na magharibi, hasa magharibi wakati wa alasiri. Kwa hiyo nyumba ndefu hufaa ilale kutoka mashariki hadi magharibi, iwe na upenu mpana, na madirisha ya magharibi yawe madogo.

Upepo nao, uwe wa kaskazi au wa kusi, huja zaidi kutoka mashariki. Jiko la kuni na choo vikiwa magharibi ya nyumba, moshi na harufu huenda zake. Palipo na kisima, choo cha shimo kiwe upande wa chini wa mteremko, umbali wa mita 30 au zaidi.

Maji ndiyo kiini cha suala hili. Mvua inayotegemewa Ukambani ni ile ya Oktoba hadi Desemba, kilele chake kikiwa Novemba. Ya Machi hadi Mei mara nyingi huwavunja wakulima moyo. Paa la mabati la mita 60 za mraba hupokea lita 60 kwa kila milimita ya mvua. Mvua moja ya milimita 20 ni lita 1,200. Hata sehemu ya tano ikipotea, zinabaki lita 960, yaani mitungi 48 ya lita 20. Anayehamia Oktoba akiwa ametundika mapazia lakini hajafunga mifereji ya paa wala tangi amekwisha kuyamwaga maji hayo, na kiangazi kikifika atakayeyafuata mbali ni mama na punda.

Wenyeji hawakuwa bila taratibu zao. Mswidi Gerhard Lindblom, aliyefanya utafiti Ukambani miaka ya 1911 na 1912, aliandika kuhusu thome, uwanja wa nje ya lango ambako wanaume waliota moto. Kwa majirani Wakikuyu, Jomo Kenyatta alieleza mwaka 1938 kwamba nyumba ilipaswa kukamilika kwa siku moja, na moto wa kwanza kuletwa na watoto wawili, mvulana na msichana. Mjaluo anayeanzisha boma huandamana na jogoo na shoka. Taratibu hizi zinahusu amani na idhini ya jamaa kuliko dira, na siku hizi familia nyingi za Kikristo huwaita mchungaji na majirani kwa sala na chai.

Kioo na kitanda ni hiari ya mwenye nyumba. Mifereji ya paa haina hiari. Hukaguliwa kwa kumimina ndoo ya maji juu ya mabati: maji yakituama katikati badala ya kukimbilia tangini, fundi airekebishe miinamo kabla lori la mizigo halijafika. Maji ya mvua ya kwanza, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yaachwe yapite.