Mdogo wangu, mpira na njia ya pwani

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya majaribio na kazi za vikundi (vikundi vyenyewe anafanya mmoja, wengine wanaandika majina tu). Leo sina habari za hosteli wala za bumu kuchelewa. Leo nataka kuandika historia kidogo, ila historia yenyewe imeanzia kwenye simu ya mama.

Jumamosi asubuhi mama kapiga kutoka Sikonge. Nikamwamkia kama kawaida, mwangaluka mayo, akaitikia haraka haraka na kuingia kwenye hoja. Kuna bwana kaja kutoka Tabora mjini, kamwona mdogo wangu akicheza uwanja wa shule, anataka kumchukua akakae kwenye kituo chake cha mpira. Mdogo wangu ana miaka 12, yuko darasa la sita. Huyo bwana anataka laki mbili na nusu za kuanzia, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nikamuuliza baba anasemaje. "Baba yako yuko kwenye tumbaku, anasema muulizeni dada yake. Wewe ndiye msomi, mwanangu, sema tufanyeje."

Jamani, msomi! Mpira wenyewe naujua wa kushabikia Simba kwa urithi tu. Mimi nasoma ualimu, masomo yangu ni Historia na Kiswahili. Lakini wiki hiyo hiyo nilikuwa naandaa semina ya biashara ya misafara, daftari liko wazi mezani, na nilipokata simu nikajikuta naangalia ule ukurasa kwa jicho lingine.

Ni hivi. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani Tabora ya sasa, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne. Burton alikuwa na kejeli nyingi kwa watu wetu, msomeni kwa tahadhari, lakini kuna kitu alikiona: watoto wa Kinyamwezi wakitembea na pembe ndogo ya ndovu begani, wanajizoeza upagazi tangu wadogo. Kwa Wanyamwezi wa wakati ule kijana ambaye hajaiona pwani alikuwa bado hajakamilika. Kwa hiyo wazazi wa huku kwetu walikuwa na swali kama la mama karne moja na nusu kabla ya simu yake: mtoto nimkabidhi kwa nani aende naye mbali?

Na hawakumkabidhi kwa yeyote aliyepita. Wengi wanadhani wapagazi wote walikuwa watumwa, sivyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu wa ujira, wanapatana malipo, wanapatana posho, mzigo ukizidi wanagoma. Mzigo wa kilo 30 na kitu si mchezo. Kijana alikwenda na watu wa kwao, wanapika pamoja na kulala kambi moja. Mbele alikuwepo kirongozi, mtu anayeijua njia, maji yako wapi na hongo inalipwa wapi. Halafu wengi waliondoka baada ya mavuno, kiangazi, wakijitahidi kurudi kwa ajili ya kulima. Safari ilikuwa na kwenda na ilikuwa na kurudi.

Ila njia ile ile ilipitisha pia watoto ambao hawakuwa na wa kuwaulizia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na kabla ya hapo wangapi walipita Unyanyembe wakielekea huko hawakurudi... Ukiwaona kwa mbali msafara ni msafara tu, vumbi lile lile. Hapa niliacha kuandika kwa muda, nikatoka nje kwenye kibaraza.

Tabora ina mpira wake, tusiidharau. Milambo, yenye jina la mtemi Mirambo aliyefariki 1884, iliwahi kucheza ligi ya juu. Mwaka 2023 mkoa ukapata tena timu ya Ligi Kuu, ile iliyotoka kwenye jina la Kitayosce ikawa Tabora United. Mnakumbuka mechi yao ya kwanza na Azam, Agosti ile? Wakashuka uwanjani wanane kwa sababu ya matatizo ya usajili, mechi ikavunjika mapema. Mpira siku hizi ni makaratasi.

Na makaratasi ndiyo niliyoyasoma usiku kucha kwa bando la kuazima. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa timu zilizomlea, kuanzia msimu anaotimiza miaka 12 hadi 23. Kumi na mbili! Yaani mdogo wangu ndiyo kwanza ameingia kwenye hesabu. Tena kanuni hizo hizo zinakataza kumhamisha mtoto chini ya miaka 18 kutoka nchi hadi nchi, isipokuwa kwa masharti machache. Samatta alizaliwa Desemba 1992, akaenda TP Mazembe 2011, Genk 2016. Hesabuni wenyewe. Sasa huyu bwana alimwambia mama mtoto atakuwa Ubelgiji akifika miaka 15.

Nikampigia mama. Nikamwambia amuulize: kituo kimesajiliwa wapi, mtoto atasoma shule gani, atalala na nani, nani mwingine wa Sikonge yuko pale tukaongee na wazazi wake, na likizo anarudi lini. Mama akauliza yote, sina wasiwasi na mama. Shule, akajibiwa "tutaangalia". Mtoto wa Sikonge, hakuna. Halafu yule bwana, kama anayetoa zawadi, akasema cheti cha kuzaliwa kisiwape shida, kinaweza kupunguzwa miaka miwili ili acheze na wadogo.

Hapo nilisimama kitandani. Mwaka 2005 Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika kule Gambia wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Timu nzima ikabaki nyumbani. Na tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009 FIFA wanapima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine. Karatasi unaweza kuidanganya, mfupa je?

Tumekataa. Atabaki shuleni, anacheza timu ya mtaa ya mwalimu wake wa darasa la tatu, yule anayewafukuza mazoezini wasiomaliza kazi za nyumbani. Mwakani atajaribu UMITASHUMTA. Sijui kama nimemchagulia vizuri. Kuna walimu humu chuoni wenye vipaji vilivyoozea vijijini, na huenda na yeye atakuja kunihesabia siku moja.

Jana nilimpigia, mama akampa simu. Kimya. Nikasikia anahema tu, halafu akasema, "Dada, wewe mbona uliruhusiwa kuondoka?" akakata.

Bando linaisha. Semina ni Jumatano, niombeeni.