Busa gonofa: ng'ombe wa msaada kwa Waborana

Busa gonofa ni utaratibu wa Waborana wa kumwinua mwanaukoo aliyepoteza mifugo yake. Waborana wako pande zote mbili za mpaka: kusini mwa Ethiopia kuzunguka Yabelo, Mega na Dubluk, na kaskazini mwa Kenya katika Moyale, Marsabit na Isiolo.

Aliyefilisika kwa ukame, maradhi au wizi wa mifugo hupeleka shida yake kwa wazee wa ukoo. Kikao huuliza kwanza mifugo ilipoteaje. Mzembe anaweza kurudi mikono mitupu. Shida ikithibitika, wenye mifugo hupangiwa cha kutoa na mhusika huanza upya na ng'ombe aliopewa. Hao ni mali yake.

Dabare ni jambo jingine, na hapa ndipo mnunuzi anapaswa kuwa macho. Huyu ni ng'ombe wa maziwa anayekabidhiwa familia isiyo na kitu. Familia humchunga na kumkama, lakini yeye na ndama wake hubaki mali ya mwenyewe. Kwa hiyo si kila ng'ombe aliye bomani kwa mtu ni wake wa kuuza. Anayelipa Dubluk au Moyale bila kuuliza asili ya mnyama na chapa yake huweza kufuatwa na ukoo mzima, huku fedha zake zimeshakwenda. Heri kununua kupitia dalali anayewajua wenye mifugo, hata kama anadai chake.

Msaada huja kwa njia ya maziwa kwa sababu ndiyo chakula cha kwanza cha nyumba, hasa cha watoto. Yakizidi hugandishwa kuwa ititu ndani ya gorfa, chombo kilichosukwa kwa nyuzi na kufukizwa moshi, na hudumu bila friji. Nyama hukatwa vipande, hukaushwa na kukaangwa, kisha huhifadhiwa katika mafuta. Wateja wa Isiolo na Nairobi huijua kwa jina la nyirinyiri. Gunia la mahindi huisha. Ng'ombe akipata majani hukamwa tena kesho.

Akikosa majani, utaratibu wote hukwama. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kati ya 2020 na 2022, waliozoea kutoa walifilisika pamoja na waliozoea kupewa, na nyumba nyingi zikategemea chakula cha msaada kilicholetwa kwa malori.

Upande wa Ethiopia, serikali ya Oromia imelitumia jina la Busa Gonofa kwa taasisi yake ya maafa, inayokusanya michango ya wananchi. Msafirishaji akisikia jina hilo Yabelo aulize ni ofisi au ni ukoo: ofisini huenda kuna shehena ya kubeba, kwenye ukoo ng'ombe hutembea kwa miguu yao.