Namba tambulishi ya vifaa vya kuhifadhi data

Namba tambulishi ya kifaa (huitwa pia namba ya mfululizo, na kwa mafundi wengi "seriali namba") ni mfuatano wa tarakimu, au wa tarakimu na herufi, ambao mtengenezaji hukipa kila kifaa ili kukitofautisha na vingine vyote vya aina ileile. Diski mbili zinaweza kufanana kwa umbo, rangi, ukubwa na bei, lakini namba zake tambulishi hazifanani.

Makala hii inahusu namba za vifaa vya kuhifadhi data vinavyotumika katika benki, hospitali, vyuo, ofisi za serikali na makampuni: diski kuu, seva, na makabati ya diski yanayohudumia kompyuta nyingi kwa pamoja. Kwa Tanzania, vifaa vingi vya namna hiyo viko Dar es Salaam, na vingi vilivyotumika huuzwa tena katika maduka ya Kariakoo na katikati ya jiji.

Namba zinazochanganywa nayo

Lebo ya diski moja huweza kuwa na namba tano au sita. Msomaji asiyezizoea hunakili ile iliyoandikwa kwa maandishi makubwa, ambayo mara nyingi siyo inayotakiwa.

* *Namba ya modeli* hutaja aina ya kifaa. Maelfu ya diski huwa na namba moja ya modeli.
* *Namba ya kipuri* hutumika kuagiza kipuri kinacholingana na kile kilichoharibika. Nayo si ya kifaa kimoja peke yake.
* *Toleo la programu dhibiti* hutaja programu iliyomo ndani ya kifaa, na hubadilika programu hiyo ikisasishwa.
* *WWN* ni namba ambayo mitandao ya hifadhi huitumia kutambua kifaa. Kwa kawaida ina biti 64, yaani tarakimu 16 za mfumo wa kumi na sita (0 hadi 9 na A hadi F).
* *Namba ya mali* hubandikwa na ofisi yenyewe kwa ajili ya daftari lake la vifaa. Mtengenezaji haitambui.

Namba tambulishi kwa kawaida hutanguliwa na alama "S/N", "SN" au "Serial". Kampuni ya Dell huiita "Service Tag", nayo ina tarakimu na herufi saba. Isichanganywe na namba ya siri, ambayo ni neno la kumfungulia mtumiaji huduma fulani.

Mahali inapopatikana

Katika diski kuu, namba huchapishwa kwenye lebo iliyo juu ya kasha lake, pamoja na msimbopau. Diski ikiwa imefungwa ndani ya seva, lebo hiyo haionekani bila kuichomoa.

Katika seva, namba huwa kwenye lebo ya kasha, juu au nyuma. Seva nyingi za Dell PowerEdge na HPE ProLiant zina pia kipande chembamba cha plastiki upande wa mbele, ambacho huvutwa kwa kidole na kuonyesha namba bila kuitoa seva kwenye kabati.

Kabati la diski ni gumu zaidi, kwa sababu lina namba katika kila sehemu: kasha, vidhibiti (ambavyo mara nyingi ni viwili), vipoza umeme, na kila diski. Mtu anapoomba huduma ya waranti kwa mfumo mzima, kwa kawaida huulizwa namba ya kasha au ya mfumo, wala si ya diski. Akitaja namba ya diski, huenda akajibiwa kwamba kifaa hicho hakipo kwenye mkataba, ilhali kipo.

Kuisoma kwa amri za kompyuta

Namba huandikwa pia katika kumbukumbu ya kielektroniki ya kifaa, hivyo inaweza kusomwa bila kufungua chochote.

* Kwenye Linux, amri `lsblk -o NAME,MODEL,SERIAL` huorodhesha diski na namba zake.
* Amri `smartctl -i /dev/sda` huonyesha modeli, namba tambulishi, WWN na toleo la programu dhibiti la diski ya kwanza. `smartctl -a` huongeza taarifa za afya ya diski na saa ilizofanya kazi.
* Amri `dmidecode -s system-serial-number` huonyesha namba ya seva yenyewe.
* Kwenye Windows, amri ya PowerShell `Get-PhysicalDisk | Select FriendlyName, SerialNumber` hutoa orodha ya diski.
* Seva nyingi zina kompyuta ndogo ya usimamizi ndani yake, kama iDRAC ya Dell au iLO ya HPE, ambayo huonyesha namba hizo kupitia mtandao hata seva ikiwa imezimwa, mradi ina umeme.

Matokeo ya amri hizo hayana budi kusomwa kwa uangalifu. Diski zilizo nyuma ya kidhibiti cha RAID huenda zisionekane moja moja. Diski iliyo ndani ya kasha la USB inaweza kuonyesha namba ya kasha badala ya namba yake. Kompyuta pepe huonyesha namba ya kubuniwa. Kwa mfano, zile za VMware huanza na neno "VMware". Kompyuta iliyounganishwa dukani kwa vipuri mbalimbali mara nyingi huonyesha maneno "To Be Filled By O.E.M.", yaani muunganishaji hakujaza namba yoyote.

Kunakili bila makosa

Makosa mengi hutokea kati ya sifuri na herufi O, moja na I, tano na S, nane na B. Njia salama ni kupiga picha ya lebo kwa simu, au kusoma msimbopau, kisha kulinganisha na jibu la amri ya kompyuta. Namba mbili zikitofautiana, lebo inaweza kuwa imebandikwa upya.

Dell huongeza namba ya pili yenye tarakimu tupu, kwa ajili ya kuitaja kwenye simu. Namba hiyo ni Service Tag ileile iliyogeuzwa kutoka mfumo wa 36 kwenda mfumo wa kumi. Katika mfumo wa 36, tarakimu 0 hadi 9 hubaki na thamani zake, A huwa 10, B huwa 11, na kuendelea hadi Z ambayo ni 35. Kwa mfano, "2B" ni (2 × 36) + 11, yaani 83. Kwa njia hiyo mtu mwenye namba moja anaweza kuipata nyingine kwa hesabu, na kugundua kama amenakili vibaya.

Umuhimu wake

*Kubadilisha diski.* Mifumo mingi hutumia RAID, njia ya kugawa data kwenye diski kadhaa ambayo ilielezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika RAID 5, diski moja ikifa data hubaki salama. Ya pili ikitoka kabla ya kazi ya ukarabati kumalizika, data zote hupotea. Fundi anayechomoa diski nzima kwa kudhani ndiyo iliyokufa anaweza kuangamiza kazi ya ofisi kwa sekunde moja. Kwa sababu hiyo namba ya diski iliyoharibika husomwa kwanza kwenye mfumo, taa yake huwashwa kwa amri, na lebo hulinganishwa kabla ya diski mpya kuwekwa.

*Waranti.* Watengenezaji wakubwa wana kurasa ambamo mnunuzi huingiza namba na kuona muda wa waranti uliobaki. Kifaa kinachouzwa kama kipya lakini waranti yake ilianza miaka mitatu iliyopita si kipya.

*Bidhaa zilizotumika kuuzwa kama mpya.* Mwanzoni mwa mwaka 2025 jarida la Heise la Ujerumani liliripoti kwamba diski za Seagate za seva zilizokwisha kutumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya. Hesabu ya kawaida ya saa ilikuwa imerudishwa sifuri, lakini kumbukumbu nyingine ya ndani, iitwayo FARM, ilibaki na hesabu ya kweli. Seagate ilisema haikuwauzia wauzaji diski hizo zikiwa katika hali hiyo. Ili kuelewa saa hizo: mwaka mmoja una saa 8,760, hivyo diski yenye saa 30,000 imefanya kazi takriban miaka 3 na miezi 5 bila kuzimwa.

*Kulinda taarifa za watu.* Diski ikitupwa au kuuzwa bila kufutwa, majina, namba za simu na hesabu za wateja huondoka nayo. Mwaka 2022 mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani, SEC, iliitoza Morgan Stanley faini ya dola milioni 35, kwa sababu vifaa vyenye taarifa za wateja vilikabidhiwa kwa kampuni isiyo na uzoefu wa kufuta data, na baadhi vikauzwa mtandaoni. Ukaguzi mwingine ulionyesha kwamba seva 42 hazikujulikana zilipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ofisi inayoondoa vifaa vya zamani huweza kuonyesha kuwa ilifuta au kuharibu kila diski ikiwa tu imeandika namba ya kila moja.

Kariakoo na katikati ya Dar es Salaam

Kariakoo, katika wilaya ya Ilala, ni eneo kubwa la biashara. Jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jengo la soko kuu lilisanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Mtaa wa Aggrey na mitaa ya jirani inajulikana kwa maduka ya simu na vifaa vya kielektroniki, yanayohudumia wanunuzi kutoka mikoani na nchi za jirani.

Vifaa vya kompyuta vinavyouzwa huko ni vipya, vilivyotumika ng'ambo, na vilivyotoka katika ofisi za nchini. Kifaa cha mtumba si lazima kiwe kibaya. Tatizo ni mnunuzi kutoambiwa ukweli. Kabla ya kulipa, mnunuzi hufaidika kwa kufanya mambo yafuatayo:

1. Kulinganisha namba ya kwenye boksi, ya kwenye lebo, na ile inayoonyeshwa na kompyuta.
2. Kumwomba muuzaji awashe kifaa, kisha kusoma saa kilizofanya kazi.
3. Kuangalia namba kwenye ukurasa wa waranti wa mtengenezaji.
4. Kukataa kifaa ambacho lebo yake imekwanguliwa.
5. Kudai risiti ya EFD, na kuhakikisha namba ya kifaa imeandikwa kwenye ankara au kadi ya waranti. Namba iliyochapwa na mashine kwenye risiti ni ya mashine ya EFD, wala si ya kifaa kilichonunuliwa.

Malalamiko kuhusu bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Namba ya IMEI na zoezi la 2016

Watanzania wengi waliifahamu namba tambulishi kupitia simu. IMEI ni namba ya tarakimu 15 inayotambulisha simu moja, na huonekana kwa kubonyeza *#06#. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ilianzisha rejesta kuu ya namba hizo mwezi Desemba 2015. Wananchi walihimizwa kutuma namba kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili kujua kama simu zao ni halisi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu zenye namba zisizo halali zilizimwa katika mitandao.

Diski na seva hazina rejesta ya namna hiyo. Seva iliyoibwa huendelea kufanya kazi popote itakapowashwa. Kwa hiyo kinga ya mwenye kifaa ni kumbukumbu alizoweka mwenyewe: asiye na namba hana cha kuwaandikia polisi zaidi ya rangi na aina, na kifaa chake kikipatikana hawezi kukitofautisha na cha mwingine.

Kutunza orodha

Orodha nzuri ya vifaa huwa na namba tambulishi, modeli, tarehe ya kununua, muuzaji, mwisho wa waranti, mahali kilipo (jengo, kabati na nafasi), na tarehe ya kuondolewa. Namba huandikwa siku ya kufunga kifaa, kabla lebo haijafichika.

Nakala ya orodha hutunzwa nje ya jengo. Soko kuu la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai 2021, na moto wa aina hiyo huteketeza bidhaa pamoja na daftari lililokaa kando yake. Orodha iliyo ndani ya seva peke yake nayo hupotea seva inapopotea.

Picha ya lebo haifai kuwekwa hadharani, kwa kuwa mtu mwingine anaweza kuitumia namba hiyo kudai waranti isiyo yake.

Tazama pia

* Diski kuu
* IMEI
* Kariakoo
* Msimbopau
* Seva