Chai ya Kutema

Mjomba wangu alipika chai kwa miaka 26, na chai yenyewe haikunywewa na mtu. Msicheke kwanza, wenzangu. Alikuwa mfanyakazi katika chumba cha kuonjea chai, kwenye ofisi moja ya madalali hapa Mombasa. Kila asubuhi alipanga vikombe vyeupe juu ya meza ndefu, safu baada ya safu, hata vikapita mia. Akapima majani kwa mizani ndogo, akayatia katika vikombe vyenye vifuniko, akamimina maji yanayotokota, akafunika, akatazama saa. Dakika zikitimu, chai ikamwagwa bakulini, majani yakabaki nyuma. Ndipo wakaingia waonjaji na aproni zao. Mwonjaji huchota kijiko, akakivuta kwa kishindo kama mtu anayekoroma, akaisukasuka chai mdomoni, akaitema ndooni, akatamka neno moja la Kizungu. Karani akaandika. Haya, kikombe cha pili.

Neno hilo moja ndilo lililosaidia kuamua jasho la mkulima wa Nyeri au wa Kisii litauzwa kwa bei gani.

Nilimwuliza siku moja, "Na wewe, mjomba, hukuwahi kuonja?"

"Nionje saa ngapi, mjomba, na vikombe mia vyangoja kuoshwa?" Akanyamaza kidogo. "Lakini harufu haiombi ruhusa. Harufu naijua."

Alipostaafu walimpa kopo la majani. Tulipolifungua nyumbani tulishangaa. Sisi tumezoea majani ya punje ndogo kama mchanga wa pwani. Haya yalikuwa marefu, meusi, yamejisokota kama nyuzi. Mamangu akafanya kama afanyavyo siku zote: sufuria jikoni, maji, maziwa, sukari, iliki mbili tatu, majani, ikachemka mpaka ikapanda. Tukaketi na mahamri yetu. Kumbe wapi! Chai ilitoka chapwa, haina rangi wala nguvu.

"Chai gani hii?" mama akauliza.

"Hii si ya kuchemsha, dada," mjomba akajibu. "Hii ni ya kungojwa."

Neno hilo lilinikaa. Mimi nimemaliza kidato cha nne na ninajaribu kuandika riwaya, na ninajua kwamba neno likikukaa sharti ulifuate. Nikaanza kusoma. Niliyoyapata ndiyo haya, nayo yanaanzia mbali kidogo.

Chai ilianza kunywewa Uchina. Katika karne ya 8 mtu aitwaye Lu Yu aliandika kitabu kizima juu yake. Alieleza mmea, vyombo, na hata maji. Kwake maji bora yalikuwa ya mlimani, kisha ya mto, na ya mwisho kabisa ni ya kisima. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, maana nani asiyejua maji ya visima vya mji huu yalivyo na chumvi? Mzee wa watu alitujua miaka zaidi ya 1,200 kabla hatujazaliwa.

Lakini chai ya Lu Yu haikuwa ya majani ndani ya birika. Majani yalifinyangwa yakawa vidonge vigumu kama vipande vya tofali. Mtu alivunja, akasaga, akapika. Baadaye desturi ikawa ni kukoroga unga wake katika maji ya moto mpaka utoe povu. Wajapani wameihifadhi desturi hiyo hata leo. Halafu mwaka 1391 mfalme Hongwu, mwasisi wa utawala wa Ming, akapiga marufuku kodi ya chai ya vidonge. Vidonge vile vilikuwa kazi ngumu mno kwa wakulima. Akaamuru aletewe majani matupu, kama yalivyo. Basi watu wakajifunza kuyatia chomboni, kuyamwagia maji ya moto, na kungoja. Birika la chai tunalolijua leo ni mtoto wa amri ile. Kumbukeni jambo hilo: kungoja jani kulianza kwa kumpunguzia mkulima mzigo.

Neno nalo likasafiri. Waliopata chai kwa njia ya nchi kavu walilipata neno "cha", Waajemi wakaliita "chai", nalo likavuka bahari yetu likafika katika Kiswahili. Waholanzi walinunua kutoka kwa watu wa Fujian waliosema "te", na ndiyo maana Ulaya ya magharibi husema hivyo. Kwa hiyo sisi hatukungoja Mwingereza atupe jina la kinywaji hiki.

Mmea wenyewe, hata hivyo, tuliletewa na Mwingereza, na mikono yake haikuwa safi. Waingereza walipenda chai ya Uchina hata fedha yao ikawatoka kwa wingi. Kuirudisha, wafanyabiashara wao wakawauzia Wachina afyuni iliyolimwa India. Uchina ilipokataa, vikapiganwa vita, 1839 hadi 1842. Mwaka huohuo wa 1839 chai ya kwanza ya Assam iliuzwa mnadani London. Mwaka 1848 Mskoti aitwaye Robert Fortune akatumwa Uchina, akajibadili mavazi akavaa kama Mchina, akachukua miche na mbegu kupeleka India. Ningeandika tukio hilo katika riwaya mngeniambia nimezidisha chumvi.

Hapa Kenya mche wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka 1903 na Mwingereza G. W. L. Caine. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa, Brooke Bond na James Finlay, yakaja Kericho. Ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa ya Wakipsigis, na ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu kuanzia 1934 ukapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mahali pa joto na maradhi. Mwafrika alitakiwa shambani kwa kuchuma. Kupanda chai yake mwenyewe hakuruhusiwa, mpaka miaka ya 1950. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio uliofungua mlango, na mwaka 1957 kiwanda cha kwanza cha chai ya wakulima wadogo kikajengwa Ragati, Nyeri. Mwaka 1964 ikaundwa mamlaka ya KTDA. Leo zaidi ya nusu ya chai ya Kenya hutoka kwa wakulima wadogo. Huo ni ushindi, na tusione haya kuusema.

Sasa turudi kwenye ile sufuria ya mama. Jani la chai likivunjwa, maji yake hukutana na hewa likageuka rangi, kama biringani likikatwa na kuachwa. Ukilikausha kwa moto mapema, hupati mgeuko huo, nayo huitwa chai ya kijani. Ukiliacha ligeuke, unapata chai nyeusi. Mmea ni uleule mmoja. Kwa mtindo wa kale jani hunyaushwa, likasokotwa taratibu, likabaki na umbo lake. Lakini mwaka 1930 huko Assam, William McKercher alibuni mashine yenye rola za meno. Jani hukatwa, likararuliwa, likaviringwa kuwa punje. Punje hutoa rangi na ukali upesi, huvumilia maziwa na sukari, hujaa vizuri katika vifuko. Karibu chai yote ya Kenya hutengenezwa hivyo.

Basi chai ya mama si ushamba, ndugu zangu. Nimewasikia vijana wenzangu waliokwisha onja mambo ya hotelini wakiicheka chai ya kuchemsha. La hasha! Sufuria, maziwa na viungo, desturi tunayoshirikiana na Wahindi, ndiyo njia ya akili kwa punje zile. Mama hakukosea. Alitumia elimu ya punje kwa jani zima, hilo tu. Jani zima alikuwa hajawahi kuuziwa, japo lilipita kila wiki nusu saa kutoka mlangoni pake.

Maana mnada uko hapahapa. Ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na chai ya Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania pia hupitia hapa. Tangu 1992 huuzwa kwa dola. Ukipita karibu na magodauni ya Shimanzi unaweza kuisikia harufu. Tuna mashamba, tuna viwanda, tuna mnada, tuna bandari. Ulimi unaotoa hukumu, je? Hapo ndipo niliposhikwa na wivu wa mwandishi. Maneno yote ya kuisifu na kuilaumu chai katika chumba kile yalikuwa ya Kizungu. Mjomba aliyasikia kwa miaka 26, akayarudia nyumbani kama kasuku, bila kuyaonja.

Nikamwambia, "Mjomba, tuonje basi. Tuonje kwa Kiswahili."

Akakubali, akawa mwalimu. Masharti yake si mengi nami nawapeni. Maji yasiwe ya kisima cha chumvi, wala yasiwe yamechemshwa mara tatu tangu asubuhi. Majani yakae katika kopo linalofunga sawasawa, mbali na jua, na mbali na iliki na karafuu, kwa kuwa chai hunyonya harufu ya jirani, na hewa yetu ya pwani ina unyevu. Kipimo cha waonjaji, kilichoandikwa na shirika la viwango la kimataifa mwaka 1980, ni gramu 2 kwa mililita 100 za maji, dakika 6. Hicho ni kipimo cha hakimu, kimewekwa kikali ili makosa yajitokeze. Kwa kunywa, dakika 3 au 4 zatosha kwa chai nyeusi. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, ukikijaza zaidi kama majani ni makubwa na mepesi. Funika. Ngoja. Chuja. Chai ya kijani isimwagiwe maji yanayotokota, itakuwa chungu. Yaache yapoe kwanza dakika kadhaa. Na majani mazuri usiyatupe baada ya mara moja, yana kikombe cha pili.

Tulifanya hivyo Ijumaa moja alasiri, barazani. Hatukuwa na vikombe vya waonjaji, tulitumia bilauri za kawaida na visahani juu yake. Nilishika daftari. Bilauri ya kwanza ilikuwa punje zetu za kila siku, ya pili majani ya kopo.

Punje zilitoa rangi kabla sijafunika. Nilivuta kijiko. Kali. Nikaandika "kali", nikaona haitoshi. Majani ya kopo yalichukua muda wao. Rangi ikaja kama ya shaba iliyosuguliwa. Nikavuta, nikakwama. Ilikuwa na kitu kinachoukaza ulimi kisha kikauachia.

"Ukakasi," mama akasema kutoka mlangoni. "Kama ulimi baada ya kula zambarau."

"Au bibo," mjomba akaongeza. "Lakini bibo hung'ang'ania. Huu waondoka wenyewe."

Jamani, ule ukakasi waonjaji wana neno lao kwa ajili yake na hulipia pesa. Sisi tulikuwa nalo mdomoni tangu utotoni, tukilitumia kwa matunda tu! Mama, ambaye hakuwa amealikwa, akavuta kigoda. Bilauri iliyokaa sana akasema imekuwa chungu, nami nikajifunza tofauti: uchungu ni ladha, ukakasi hushika mdomo mzima. Iliyopoa akaiita dufu. Ya mara ya pili mjomba akasema imechuja lakini haijafa. Dhuhuri hadi Magharibi ya masomo yangu yote ya insha sikuwahi kupewa maneno mazuri kama ya alasiri ile.

Viwanda kadhaa vya wakulima wadogo vimeanza kutengeneza majani mazima, na tangu 2011 kuna aina ya chai ya zambarau iliyotolewa na watafiti wa Kericho, ambayo nayo hutengenezwa hivyo. Bei yake si ya kila siku, sitawadanganya. Lakini kununua kidogo kwa mwezi, vijana watatu wakichangiana maskani, yawezekana. Na mkinunua, msiishie kusema "tamu". Chukueni daftari.

Nimebakiza jambo moja la siku ile. Mjomba alikuwa amemimina kwa ajili yetu sote, na yeye bado hajaonja. Mazoea, nadhani. Mama akamsukumia bilauri. Akachota kijiko, akakivuta kwa kishindo kile cha waonjaji, hata jirani akachungulia. Akaisukasuka chai mdomoni. Kisha nikamwona akigeuka huku na huku, mashavu yamejaa, akiitafuta ndoo.

Hapakuwa na ndoo. Akameza.

"Vipi, mjomba?" nikauliza, kalamu mkononi.

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akanisogezea bilauri. "Nitilie tena," akasema. "Moja haitoshi kuisema."