Mbegha wa Nguu, mwamuzi aliyefanywa mfalme

Kesi ya kwanza katika maisha ya Mbegha ilimhusu yeye mwenyewe, na alishindwa. Alizaliwa Nguu, nchi ya vilima upande wa Handeni na Kilindi ya leo, akaota meno ya juu kabla ya ya chini. Mtoto wa namna hiyo ni kigego, na mila haikuruhusu aishi. Wazazi wake walikaidi, wakamlea. Walipokwisha kufa akadai fungu lake la urithi. Ndugu wakamjibu kwamba kigego hana fungu, na kwamba misiba ya ukoo imeletwa naye. Hapakuwa na mzee mwingine wa kumkatia rufaa. Akachukua mbwa na mikuki yake, akaenda zake.

Hivyo ndivyo anavyosimulia Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, yaani za ukoo wa watawala waliotokana na Mbegha, kitabu kilichoanza kupigwa chapa katika misheni ya Magila mwishoni mwa karne ya 19. Ni masimulizi, na Mbegha mwenyewe huwekwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuandika habari za milima ya Usambara. Lakini ukiyasoma kwa makini, simba na mbwa wasikupumbaze, utaona yanaeleza jambo zito: jinsi watu huru walivyokubali kumpa mgeni mamlaka juu yao.

Kutoka Nguu alifika Kilindi ya wakati ule, akafanya urafiki na mtoto wa mtawala. Kijana yule aliuawa na nguruwe mwitu wakiwa mawindoni, na Mbegha, akijua lawama itamwangukia nani, akakimbia tena. Akavuka mto Pangani, akapanda Usambara.

Huko juu mambo hayakuwa shwari. Wasambaa waliishi kwa koo, kila bonde na wazee wake. Ugomvi wa ndani ya ukoo ulikuwa na wa kuumaliza. Ugomvi wa ukoo na ukoo, au wa wenyeji na wageni waliokuwa wakihamia na mifugo yao, haukuwa na wa kuumaliza, kwa maana kila mzee alikuwa ndugu wa mmoja wa wagombanao. Akatokea mwindaji asiye na shemeji wala mjomba mlimani. Aliua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, nyama akaigawa, naye akapewa vyakula vya shambani. Watu wa Bumbuli wakaanza kumpelekea mashauri yao. Sifa ikafika Vuga. Wazee wa huko wakaenda kumwomba awe mtawala wao. Njiani usiku akaua simba, na tangu hapo wafalme wa Vuga wakaitwa Simba Mwene.

Simba ndiye anayekumbukwa zaidi. Mimi naona Bumbuli ndiko ufalme ulikoanzia, pale watu wawili wasioaminiana walipokubali kumwamini wa tatu. Naamini pia kwamba aliyewahi kuhukumiwa na jamaa wenye kuitaka mali yake alijua thamani ya mwamuzi asiye na upande.

Alioa katika koo nyingi, na watoto wake wakatawala kwa wajomba zao. Chini ya kitukuu chake, Kimweri ye Nyumbai, baraza la Vuga lilisikika hadi karibu na pwani. Mmisionari Krapf alifika kwake mwaka 1848 na tena 1852. Wasafiri Burton na Speke wakamkuta mzee sana mwaka 1857. Haki ya Vuga ilikuwa na makali yake, tusiipambe. Faini ililipwa kwa mifugo, na aliyeshindwa kulipa aliweza kuishia utumwani.

Kimweri alikufa mwaka 1862. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, kwenye tambarare ya Mkumbara na Mombo, palipopita misafara ya pwani. Alipata bunduki kwa biashara, na kabla ya muongo ule kwisha akaiteka Vuga kutoka kwa mjukuu wa Kimweri aliyerithishwa kiti. Abdallah bin Hemedi aliishi karibu na Semboja hapo Mazinde, kwa hiyo sehemu hii ya kitabu chake isomwe kwa uangalifu. Baada ya hapo milima ilijaa vita, na watu wengi wakauzwa.

Semboja alifariki mwaka 1895, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuishika nchi. Mwaka uleule mwanawe Mputa aliamuru kuuawa mtu aliyemtuhumu kuzini na mkewe. Machoni pake alikuwa ametumia haki ya baba zake. Wajerumani waliliita tendo lile mauaji, wakamnyonga. Tangu siku ile hukumu ya kifo haikuwa tena ya Vuga.

Mashauri madogo ya wananchi yakawa ya maakida, waliochaguliwa na kulipwa na serikali ya Kijerumani. Waingereza walimrudisha mfalme wa zamani, Kinyashi, kitini Vuga katika miaka ya 1920, akakaa muda mfupi tu, akajiuzulu mwaka 1929. Machifu walipoondolewa madaraka baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 ilileta mahakama za mwanzo, na mashauri ya mirathi, lile la Mbegha kule Nguu likiwemo kama lingetokea leo, yakawa ya hakimu mwajiriwa ambaye mara nyingi hutoka mkoa mwingine.